Haichuji

Saa tatu usiku, Szeged, Januari.
Nimezima taa za maabara, nimebandika foili dirishani
mwezi usije ukapenyeza kidole.
Ndani ya friji, kichupa cha rangi
kimo kimevikwa karatasi ya fedha
kama zile peremende tunazoning'iniza kwenye mti wa Krismasi.
Rangi iliyomo haifiki ukubwa wa punje ya mtama.
Bei yake ni kodi yangu ya miezi miwili.

Kazi yangu, baba, ni kuvisha protini.
Protini haina rangi. Ni maji ndani ya maji.
Utaikodolea macho hadi kope zikauke
na hutaiona ikipita, ikituama,
ikijikunja vibaya na kuiua seli iliyoizaa.
Basi naifunga rangi mkiani, fundo moja tu,
kisha naosha. Naosha tena. Naosha.
Rangi isiyoshika ni shahidi wa uongo:
itasema kipo hata pale pasipo kitu.

Hilo la kuosha nimelitoa kwako,
kwenye mapipa yako ya nili, marefu kama visima,
nikiwa na miaka saba, buti za mpira hadi magotini.
Kitambaa kilitoka kijani, kibichi, kama kimeugua;
kikivuta hewa, mbele ya macho yetu, kinakuwa buluu.
Kwangu ni kinyume:
buluu ya leza inaingia, kijani kinatoka.

"Haichuji," ulimwambia kila mnunuzi,
ukilowesha kidole kwa mate, ukisugua pindo.
"Utazikwa, mama, na aproni hii bado iko hivi."
Mikono yako ilikuwa buluu hadi kwenye vifundo.
Siku ya kumzika mama ulivaa glavu,
na ilikuwa Julai.

Jumanne iliyopita Daktari Bodnár
alikutia rangi kwenye mshipa wa mkono,
rangi ya ukoo mmoja na hizi zangu, bibi yao mkongwe.
Sekunde kumi na mbili, ikafika jichoni.
Kamera ikapiga, ikapiga, ikapiga.
Nyuma ya jicho la kushoto, katikati kabisa,
palipotakiwa kuwa shwari, doa lilikuwa linavuja.

Ulinipigia simu jioni ukicheka hadi ukakohoa:
"Piroska! Miaka hamsini natia rangi vitambaa vya watu,
leo wamenitia mimi. Uso wangu pera lililoiva,
na huko chooni, mwanangu, nakojoa taa!"
Kisha ukanyamaza. Nikasikia redio yako.
"Hii nayo, inachuja?"
Nikakwambia, kesho jioni itakuwa imekwisha.
"Basi hiyo si rangi," ukasema. "Hiyo ni homa."

Sikukwambia kuhusu zangu.
Zangu zinachuja kwa kutazamwa.
Kila chembe ina akiba yake ya mimweko,
laki kadhaa, pengine milioni, hakuna anayejua ya nani ni ngapi,
na kila ninapoangalia naila akiba hiyo.
Kichujio kinachuja buluu, kijani kinapita,
kisha kijani nacho kinachuja.
Wanafunzi wangu wapya hawaamini.
Wanaacha leza wazi, wanaitana, "Njoo uone!"
Wa tatu akifika anakuta giza.

Jumapili nilikuwekea aproni ya mama mezani,
nikajifanya natafuta chumvi.
Uligeuza kichwa upande, kama kuku,
uitazame kwa ukingo wa jicho, kwa kile kilichobaki.
Ukaacha. Ukalowesha kidole,
ukasugua pindo, ukakinyoosha kidole kwangu:
"Kuna kitu?"

Hakukuwa na kitu, baba.

Sasa nafungua shata.
Kijani.
Nahesabu moja, mbili,
nafunga kabla sijatosheka.